Anza na Kosa Unaloliogopa

Mama mmoja wa kikundi cha wakaushaji dagaa alinijia dukani, Sengerema mjini, akiwa ameshika simu ya kijana wake. Ndani yake kulikuwa na barua ya Kiingereza ya ukurasa mmoja ya kumkaribisha mnunuzi wa nje aje kuuona mwalo. Waliiandika wenyewe kwa Kiswahili, kisha akili mnemba ikaitafsiri. Alitaka niichape tu, akaigonge muhuri wa kikundi, aende zake. Nikaomba niisome kwanza. Kiingereza kilikuwa laini, hakina hata kosa moja la tahajia. Lakini mgeni aliambiwa afike saa 10 alfajiri, wakati kina mama walisema saa 4 asubuhi. Tena aliambiwa anakuja kununua samaki wa baharini, wakati dagaa wale wametoka Ziwa Viktoria. Nilipomweleza, mama aliketi kwenye benchi. "Mwanangu," akasema, "hayo siyo tuliyoandika. Mgeni angekuja usiku akatukosa, tukaonekana waongo."

Kijana wake hakuwa mzembe. Aliibandika barua nzima, akaandika juu yake maneno matatu: "Tafsiri kwa Kiingereza." Programu ikatii, na pale ilipokosa taarifa ikakisia. Hakuna aliyeiambia kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa kunapokucha, wala kwamba dagaa wa Sengerema hawajui chumvi ya bahari.

Tangu siku ile nimeandika maagizo mengi ya kutafsiri na kuhariri, nikayajaribu, nikayabomoa na kuyaandika upya. Leo nawaandikia wenzangu: makatibu wa vikundi na wa vyama vya ushirika, walimu, wauguzi, watangazaji wa redio, na wote wenye meza ya kuchapa barua za watu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: kabla hujaandika agizo, andika kosa unaloliogopa.

Agizo ni nini

Agizo ni maneno unayoiandikia programu ili ijue ifanye nini na matini unayoipa. Vijana wengi huliita promti. Google Translate ilipoanza kupokea Kiswahili mwaka 2009, hatukuwa na haja ya agizo. Ulibandika maneno upande mmoja, ukapokea mengine upande wa pili. Programu za mazungumzo, zilizoenea baada ya ChatGPT kutolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, zilibadilisha jambo hilo. Sasa unaweza kuieleza programu nani ameandika, nani atasoma, neno lipi lisiguswe na ifanye nini ikiona utata. Uwezo huo una gharama yake: usipoieleza, itajiamulia.

Sisi wa Sengerema si wageni wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji huu ulipata kituo cha mawasiliano cha jamii, kwa msaada wa mashirika kama ITU na UNESCO, wakati ambapo wilaya nyingi za Tanzania zilikuwa hazijaiona intaneti. Watu walijifunza kompyuta pale, na redio ya jamii ikazaliwa. Kilichowafaidisha wakati ule ndicho kitakachotufaidisha leo, yaani kukikalia chombo na kukijaribu mpaka ukijue tabia.

Pima uzito wa makosa

Chukua daftari. Kabla ya kazi yoyote, jiulize: matini hii ikitafsiriwa vibaya, nani ataumia, na ataumiaje? Mimi hugawa makosa katika mafungu matatu.

La kwanza ni kosa la kudhuru. Hilo ni kipimo cha dawa, tarehe ya kliniki, kiasi cha fedha katika mkataba, au katazo linalogeuka kuwa ruhusa. Kosa moja la namna hii linatosha kulikataa agizo zima, hata kama mengine yote ni mazuri.

La pili ni kosa la kupotosha. Msomaji haumii, ila anaelewa kitu kingine. Barua ya dagaa ilikuwa hapa. Humu pia ndimo unapokuta baba mdogo, baba mkubwa na mjomba wote wakiwekwa kwenye neno moja la Kiingereza, "uncle". Katika barua ya salamu si neno. Katika shauri la shamba la ukoo, mtu hawezi kujua tena kama msemaji ni wa upande wa baba au wa upande wa mama, na shauri zima linasimama juu ya jambo hilo.

La tatu ni kosa la kukwaruza. Maana imefika, ila sentensi haina ladha ya Kiswahili, au imeandikwa "rununu" kwa watu wanaosema simu ya mkononi. Hili hurekebishwa kwa kalamu.

Ukishaandika makosa yako katika mafungu haya, agizo karibu limeshajiandika. Kila kosa la kudhuru linahitaji sentensi yake ya kulizuia. Yale ya kukwaruza yanaweza kungoja.

Jinsi agizo linavyojengwa

Hili ndilo agizo nililoandika kwa ajili ya barua ya kina mama, baada ya majaribio kadhaa:

"Tafsiri barua iliyo hapa chini kutoka Kiswahili cha Tanzania kwenda Kiingereza. Walioandika ni kikundi cha wanawake wakaushaji dagaa katika mkoa wa Mwanza. Msomaji ni mnunuzi wa samaki asiyejua Kiswahili na ambaye hajawahi kufika ziwani. Akimaliza kusoma, ajue siku, saa, mahali na bei bila kuuliza tena. Saa za siku zimehesabiwa Kiswahili, hivyo saa 1 asubuhi ni 07:00. Ziandike kwa mtindo wa saa 24. Urefu wa muda, kama safari ya saa 2, usiubadilishe. Dagaa ni samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Liache neno dagaa kama lilivyo, na ulieleze kwa ufupi linapotokea mara ya kwanza. Majina ya mahali kama Kigongo, Busisi na Kome usiyatafsiri. Usiongeze wala usipunguze jambo. Penye maana mbili usichague. Niulize kwanza."

Tazama kila kipande kinafanya kazi gani. Kumtaja mwandishi na msomaji kunaisaidia programu kuchagua kiwango cha maneno. Lengo linaipa kipimo cha kujua lipi lisipotee. Kanuni ya saa ina mfano ndani yake, kwa sababu mfano mmoja hueleweka kuliko maelezo marefu. Majina ya mahali yametajwa kwa kuwa kigongo ni neno la kawaida pia, lenye maana ya fimbo nene, na barua inayosema mgeni apite Kigongo inaweza kumpeleka kusikokuwepo.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Programu hizi zimezoezwa kumpa mtu jibu, na zisiporuhusiwa kuuliza, hujaza pengo kwa kukisia. Nilipolitumia agizo hili, ilirudi na swali: mwenyekiti aliyetajwa kwenye barua ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili chetu hakitenganishi, Kiingereza hulazimisha. Mama akacheka, akajibu kwamba mwenyekiti ni yeye.

Wengine huuliza kama agizo liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Yaandike yote mawili kwa maana ileile, uyapime kwa matini ileile, ushike lililoshinda. Jibu hutofautiana kati ya programu na programu.

Faharasa ya ziwa letu

Programu imesoma Kiswahili kingi cha magazeti, cha serikali na cha vitabu vya dini. Kiswahili cha mwaloni imekisoma kidogo. Kwa hiyo iandalie faharasa: orodha fupi ya maneno yako, maana ya kila moja, na namna unavyotaka litafsiriwe au liachwe.

Yangu ilianza na maneno kumi hivi. Mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, lisigeuzwe kuwa ufukwe wa kupumzikia. Sangara, sato na furu ni samaki watatu tofauti, lisitumike jina moja kwa wote. Mabondo ni vifuko vya hewa vya sangara, vinavyouzwa ghali hadi masoko ya China, wala si matumbo. Kayabo ni samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa, anayesafirishwa hadi Kongo. Kokoro ni wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Karabai ni taa ya kuvutia dagaa usiku. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakaushwa. Mtu wa mradi wa lishe akivichanganya hivi viwili, ripoti yake haitakuwa na faida kwa mtu yeyote anayepika.

Vipimo navyo viingie. Debe, gunia na sado havina neno moja la Kiingereza linalovifaa. Agiza kipimo kiachwe kwa jina lake, na kama unajua uzito wake kwa kilo, uandike wewe mwenyewe. Usiiache programu ikokotoe kilo za debe la dagaa ambalo haijawahi kulinyanyua.

Karatasi ya mtihani

Hapa ndipo watu wengi hukata kona. Huandika agizo, hulijaribu mara moja kwa barua moja, jibu likipendeza wanaamini kazi imekwisha. Fundi wa mitumbwi hafanyi hivyo. Akishaukalafati mtumbwi, huuweka majini karibu na ufukwe na kutazama maji yanapoingilia, wala haupeleki Kome na abiria siku hiyohiyo.

Andaa sentensi 20 ambazo tafsiri yake sahihi unaijua wewe, au umethibitisha kwa mtu anayejua. Kila moja ibebe mtego mmoja. Hizi ni baadhi ya zangu:

"Tutakupokea mwaloni saa 4 asubuhi." Mtego ni saa.

"Meza kidonge 1 kila baada ya saa 8." Mtego ni urefu wa muda.

"Vidonge 2x3 kwa siku 5." Mtego ni mwandiko wa kwenye bahasha za dawa, ambapo maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku.

"Ni marufuku kuvua sangara walio chini ya sentimita 50." Mtego ni neno chini, ambalo hapa linahusu urefu wa samaki, si kina cha maji.

"Usimpe mtoto maji wala uji kabla hajafikisha miezi 6." Mtego ni kabla haja-, umbo lenye sura ya ukanushi lakini linalosema habari ya kufikisha.

"Shangazi amemwambia mama mdogo kwamba atakuja kesho kutwa." Mtego ni jamaa wawili, siku moja, na swali la nani anayekuja.

"Wanachama walichanga laki 2 na nusu." Mtego ni fedha: 250,000.

Zigawe sentensi zako mara mbili. Nusu zitumie unapotengeneza agizo, na baadhi waweza kuziweka ndani yake kama mifano. Nusu ya pili ifiche. Usiiweke kwenye agizo hata siku moja. Mwanafunzi aliyeonyeshwa maswali kabla ya mtihani atapata alama zote, na hutajua kama ameelewa somo. Programu ni hivyohivyo.

Kila jaribio lianze katika mazungumzo mapya. Ukiendelea na mazungumzo ya zamani, programu inayakumbuka masahihisho uliyoipa dakika chache zilizopita, na unaweza kudhani agizo lako ni zuri kumbe ni kumbukumbu zinazolibeba. Rudia kila jaribio mara tatu. Programu hizi huchagua neno baada ya neno kwa kukadiria lipi linafaa kufuata, na katika kukadiria kuna bahati nasibu. Agizo lililofaulu mara moja kati ya tatu bado halijafaulu.

Katika daftari andika tarehe, jina la programu, agizo lenyewe, sentensi zilizofaulu, na makosa kwa mafungu yake. Tarehe ina maana yake: watengenezaji hubadilisha programu zao bila kukuuliza, na agizo lililofanya kazi vizuri wakati wa masika linaweza kuyumba ifikapo kiangazi. Pima tena kila baada ya muda.

Tiba iliyoleta ugonjwa

Nieleze kisa kilichonifunza kuheshimu karatasi ya mtihani. Baada ya barua ya dagaa nilikuwa na hofu moja tu, hofu ya saa. Nikaandika kanuni kali: "Kila panapotajwa saa, ibadilishe kutoka hesabu ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza kwa tofauti ya saa 6." Nikajaribu kwa barua, nikajaribu kwa tangazo la mkutano. Saa zote zikawa sawa. Nilifurahi.

Kisha nikapitisha sentensi zangu zote 20. Ile ya kidonge kila baada ya saa 8 ilirudi ikisema kidonge kila baada ya saa 2. Programu ilinitii kikamilifu. Iliona neno saa, ikatoa sita. Mgonjwa anayepaswa kumeza vidonge vitatu kwa siku angemeza kumi na viwili.

Nilibaki nikiitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa nia njema, ya kutibu kosa la kupotosha, ilikuwa imezaa kosa la kudhuru. Kama ningekuwa napima kwa sentensi ya saa peke yake, nisingelijua kamwe. Ndiyo maana agizo la sasa linatenganisha saa za siku na urefu wa muda.

Yachukue haya mawili kutoka kisa hiki. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, ili ujue ni lipi lililoleta mabadiliko. Na kila ukibadilisha, hata neno moja, rudia sentensi zote, si ile iliyokusumbua peke yake.

Kwenda na kurudi

Kuna njia ya zamani ya kukagua tafsiri kwa mtu asiyejua lugha ya pili. Unachukua tafsiri, unampa mtu mwingine airudishe katika lugha ya kwanza, kisha unalinganisha. Watafiti wameitumia kwa miongo mingi katika hojaji za afya, na mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Brislin aliiandikia makala iliyoienezea sifa. Unaweza kuifanya kwa programu mbili tofauti, au kwa programu moja katika mazungumzo mapya.

Itumie, lakini ujue mipaka yake. Kosa la saa linaweza kwenda na kurudi bila kuonekana: programu ikisoma saa 4 asubuhi kana kwamba ni saa nne ya Kiingereza, na wakati wa kurudi ikafanya kosa hilohilo kinyume, utapokea saa 4 asubuhi na utaridhika. Dagaa nao wanarudi salama. Wakigeuzwa kuwa "sardines" wakati wa kwenda, wakati wa kurudi watakuwa dagaa tena, kwa sababu pwani samaki hao wa baharini huitwa dagaa. Njia hii hukamata maneno yaliyopotea na sentensi zilizorukwa. Haikamati kosa ambalo pande zote mbili zinakubaliana nalo. Kwa hayo kuna dawa moja tu, mtu anayejua.

Ongeza na ukaguzi huu mdogo, usiohitaji lugha yoyote: hesabu. Zungushia kila tarakimu katika matini ya asili na katika tafsiri, uone kama zinalingana, ukiacha zile ulizoagiza zibadilishwe. Hesabu aya. Matini ndefu ina hatari ya kufupishwa kimyakimya kuelekea mwishoni, hivyo ikizidi kurasa mbili tatu, ikate vipande na utafsiri kimoja kimoja ukitumia faharasa ileile.

Kuhariri bila kumnyang'anya mtu sauti yake

Kuhariri kuna hatari iliyo kinyume cha tafsiri. Kwenye tafsiri tunaogopa programu isiyojua. Kwenye kuhariri tunaogopa programu inayojua kupita kiasi. Ukiiambia "boresha maandishi haya," itamchukua mzee wa Nyehunge aliyeeleza jinsi ziwa lilivyokuwa utotoni mwake, na kumrudisha akisema kama ripoti ya mradi.

Agiza kazi moja kwa mara moja. Mzunguko wa kwanza: "Sahihisha tahajia, alama za uandishi na upatanisho wa ngeli tu. Usibadilishe neno jingine lolote. Mwishoni nipe orodha ya kila ulichobadilisha na sababu yake." Mzunguko wa pili, kama unahitajika: "Onyesha sentensi zisizoeleweka, bila kuzirekebisha." Marekebisho ya hapo fanya mwenyewe, au muulize mwandishi.

Orodha ya mabadiliko usiikose. Ndiyo inayokuwezesha kukubali na kukataa. Bila hiyo utalazimika kulinganisha mstari kwa mstari, na jioni macho yanachoka.

Karatasi ya mtihani ya kuhariri hutengenezwa hivi. Chukua ukurasa safi, upandikize makosa 10 unayoyajua. Kisha hesabu mambo mawili: makosa yaliyopatikana, na masahihisho yaliyozushwa pasipo kosa. Halafu ipe programu ukurasa usio na kosa hata moja. Agizo zuri litakurudishia ukurasa uleule na kusema hakuna cha kusahihisha. Programu inayosahihisha kilicho sahihi hufundisha watu wasiiamini lugha yao.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna mtego wa pekee. Wengi wetu huchanganya l na r katika kusema, na kusema kunaingia kwenye maandishi. "Wanachama walipiga kula" haina kosa la tahajia machoni pa mashine, kwa kuwa kula ni neno. "Mahali ilikuwa ng'ombe 10" nayo ina maneno halali yote, ila mwandishi alikusudia mahari. Weka sentensi kama hizi kwenye mtihani wako, na uongeze kwenye agizo: "Mwandishi anaweza kuwa amechanganya l na r. Angalia maana ya sentensi, si neno peke yake." Weka pia sentensi ambazo kula ni kula kweli, usije ukakuta wajumbe wote wa mkutano wanapiga kura wakati wa chakula cha mchana.

Mwisho, taja Kiswahili unachokitaka. Sema "Kiswahili sanifu cha Tanzania," toa mifano miwili mitatu, kompyuta badala ya tarakilishi, daladala badala ya matatu. Kisha ipe orodha ya maneno yaliyokopwa kutoka Kiingereza mzimamzima ambayo huyataki, kama "mwisho wa siku" kwa maana ya hatimaye, au "kuleta tofauti" kwa maana ya kufaa. Orodha hiyo itakua kadiri unavyosoma.

Lugha za nyumbani

Watu wataniuliza kuhusu Kisukuma na Kizinza. Kisukuma kina wasemaji mamilioni, lakini maandishi yake yaliyomo kwenye intaneti ni machache, na programu hizi hujifunza kwa maandishi. Nimeona zikitoa sentensi zenye sura ya Kisukuma ambazo mzee akizisikia anauliza ni lugha ya wapi. Kwa mambo ya afya, ya ardhi na ya fedha, usizitume kazi hiyo. Itumie programu kupanga rasimu ya Kiswahili iliyo wazi, kisha mtu mwenye lugha yake aitafsiri.

Ziwa hili lina mwalimu wa kazi hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya maisha ya Myombekere na Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa kitabu cha Kikerewe. Baada ya miaka mingi akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza, akifasiri kutoka Kikerewe chenyewe. Kila walipofika kwenye jina la samaki, la dawa ya miti au la ndugu wa ukoo, watu hawa hawakukisia, kwa sababu waliyafahamu kwa kuishi nayo. Sisi tunaoagiza mashine tunatakiwa kuleta ujuzi huohuo, ila tunauandika katika agizo na katika karatasi ya mtihani.

Siri za watu

Kabla ya kubandika chochote, ondoa majina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Hata bila sheria, mtu aliyekuletea cheti cha hospitali amekuamini wewe, hajaiamini kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Andika "Mgonjwa A," "Kijiji B," "namba ya simu imeondolewa." Tafsiri ikirudi, rudisha majina kwa mkono wako. Unapotengeneza agizo, lijaribu kwa barua uliyoitunga, si kwa barua ya mtu.

Usiku wa leo

Si lazima uanze na sentensi 20. Anza na tano. Fikiria nyaraka tatu za mwisho ulizoshika, na uandike pembeni ya kila moja kosa ambalo lingemdhuru mwenye nyaraka. Yageuze makosa hayo kuwa sentensi za mtihani. Andika agizo lenye mwandishi, msomaji, lengo, maneno yasiyoguswa, na ruhusa ya kuuliza. Pima mara tatu, katika mazungumzo mapya kila mara. Agizo lililofaulu lihifadhi kwenye simu, upunguze kuandika upya na uokoe bando.

Kijana wa yule mama anafanya hivyo sasa. Nyuma ya daftari la mahesabu la kikundi, baada ya michango na madeni, ametenga kurasa mbili. Kila barua ya nje ikitaka kutafsiriwa, kwanza anapitisha sentensi zilizoandikwa pale, mama yake akiwa ameketi kando akisikiliza majibu. Mstari wa kwanza wa ukurasa ule umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Tutakupokea mwaloni saa 4 asubuhi."